Kalamu ya njano ya kupimia maji: chumvi inaiona, choo haikioni

Kwa kumwagilia miche naipa nyota nne na nusu. Kwa maji ya kunywa naipa moja, na hiyo yenyewe ni kwa sababu rangi yake haipotei kwenye majani. Wastani pigeni wenyewe.

Nazungumzia ile kalamu ya kupimia EC, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme, na TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka ndani yake, ambayo siku hizi kila duka la pampu na vichujio Kariakoo linayo, na mitandaoni ndiyo usiseme. Haina jina la kampuni la kueleweka. Ni ya plastiki, ina kioo kidogo, vitufe vitatu na kofia ya kufunikia ncha. Walianzia elfu arobaini na tano, nikatoka nayo kwa ishirini na nane, pamoja na pakiti mbili za unga wa kusahihishia na kimkoba cha ngozi bandia ambacho mshono wake ulifumuka kabla sijakizoea.

Kijana aliyeniuzia alinipa na somo la bure: "Mama yangu, hii haina mambo mengi. Ikisoma chini ya mia tano kunywa, ikizidi mwaga." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike, maana nayasikia kila mahali, hata kwa mafundi wa visima, na yanaweza kumlaza mtoto hospitali.

Nina kitalu cha miche Kigamboni. Mipapai, pasheni, nyanya, pilipili hoho na michungwa ya kubebesha. Bomba la mtaa halijafika kwangu, kwa hiyo nategemea kisima kifupi cha pete za zege, kilichochimbwa kwenye mchanga mtupu, na simtanki mbili zinazokinga mvua ya bati. Hoho ndizo zilizonipeleka dukani. Kila ikifika Februari kingo za majani zinakauka kama zimepitishwa moto, masika yakinyesha zinapona zenyewe, na wateja wanadhani nimepiga dawa.

Sasa kalamu yenyewe inafanyaje kazi. Ncha ina pini mbili za chuma. Ukizichovya, umeme mdogo wa betri unapita kutoka pini moja kwenda ya pili, na kinachoubeba ni chumvi zilizoyeyuka: sodiamu, kloridi, kalsiamu, bikaboneti na nyinginezo. Maji matupu hayapitishi umeme wa maana. Chumvi zikiwa nyingi umeme unapita kirahisi, namba inapanda. Imetoka hapo. Haijui kama chumvi hiyo ni ya bahari, ya mwamba, ya mbolea ya samadi au ya choo cha jirani.

Kitufe cha katikati kinabadilisha kati ya EC na TDS. Nawashauri mbaki kwenye EC, ambayo ndiyo inayopimwa kweli, kwa maikrosimensi kwa sentimita. TDS haipimwi, inakisiwa: kalamu inachukua ile EC na kuizidisha, nyingine kwa 0.5, nyingine kwa 0.7. Ndiyo maana kalamu yangu ikasema 500 na ya mwenzangu ikasema 700 kwenye ndoo moja, na watu wazima wakaanza kubishana. Namba zote nitakazotaja hapa chini ni za EC.

Kabla ya kisima nilipima mvua. Nilitega beseni katikati ya uwanja, mbali na bati na miti, mvua ikiwa imeshanyesha vya kutosha. Ikasoma 22. Hiyo ndiyo hali ya maji yanapofika: karibu hayana kitu, isipokuwa chumvi kidogo ya bahari ambayo sisi wa pwani tunaletewa na upepo, na hewa ya ukaa iliyoyeyuka ndani yake wakati matone yanashuka. Hewa hiyo inayafanya yawe na uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu) kama 5.6, hata pasipokuwa na kiwanda wala gari. Mvua ya kwanza ya bati ni hadithi nyingine. Ile iliyotoka kwenye gata mwanzo wa vuli ilisoma 190, maana ilikuwa imebeba vumbi na chumvi ya kiangazi kizima. Ile ya kwanza mwageni, au mnawie miguu.

Baada ya hapo maji yanaingia ardhini, na mambo ndipo yanapoanza. Udongo unapumua. Mizizi na vijidudu vinatoa hewa ya ukaa, kiasi kwamba hewa iliyobanwa kati ya chembe za udongo inaweza kuwa nayo mara kumi hadi mara mia kuliko hewa tunayovuta sisi. Maji ya mvua yakipita humo uchachu unazidi, na maji machachu hayapiti mahali mikono mitupu. Yakikuta chokaa yanaitafuna. Yakikuta chumvi iliyokauka yanaiyeyusha. Yakikuta uchafu uliozikwa yanaondoka nao. Kwa hiyo namba ya kisima ni habari ya mvua na ya kila kitu ilichokutana nacho njiani, na ukipima siku moja tu umesoma mstari mmoja wa barua ndefu.

Kwangu mwisho wa Februari kisima kilisoma 1,480. Shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, linasema maji ya kumwagilia yaliyo chini ya 700 hayana tatizo la chumvi, kati ya 700 na 3,000 lazima uangalie unapanda nini na udongo wako unatoa maji namna gani, juu ya 3,000 ni balaa. Maharage na michungwa hulalamika mapema. Hoho hufuata nyuma. Mnazi hata habari hana. Nikajua basi kwamba hoho zangu hazikuwa na ugonjwa wala hazikulogwa. Nikaanza kuchanganya ndoo moja ya kisima na moja ya simtanki, namba ikashuka karibu na 750, na majani mapya yakatoka safi. Hapa ndipo zile nyota nne na nusu zilipotoka. Kalamu ya elfu ishirini na nane imeniokolea miche ya thamani mara nyingi ya hapo.

Mwisho wa Aprili, masika yamekolea, kisima kikasoma 640. Hilo kila mtu alilitegemea: maji mapya ya mvua yameshuka, yamechanganyika na ya zamani, chumvi imepungua makali.

Ambalo wengi hawalitegemei ni la vuli. Oktoba 2023, kabla ya ile mvua ya El Niño iliyotugharikisha, kisima kilikuwa 1,120. Zikanyesha zile za mwanzo, za kulowesha vumbi na kuleta harufu nzuri, namba ikapanda hadi 1,390. Ikapanda, jamani, baada ya mvua! Mzee mmoja wa hapa jirani, naye ana kalamu kama yangu, aliirudisha dukani akidai imeharibika. Haikuharibika. Kiangazi chote jua linanyonya maji kutoka kwenye udongo na mizizi inakunywa, lakini vyote viwili vinachukua maji na kuiacha chumvi. Inabaki juu juu, kwenye futi chache za mwanzo, inangoja. Na mimi mwenyewe namwagilia kwa maji ya kisima kila asubuhi na jioni, naongeza akiba. Mvua za mwanzo hazina nguvu ya kusuuza kisima, zina nguvu ya kuyeyusha akiba hiyo na kuisukuma chini. Ndipo zinapokuja zile nzito nyuma yake na kuyapunguza makali. Kufika Desemba nilikuwa nasoma 580, na maji yamesimama kwenye matuta.

Kwa hiyo mkinunua kalamu mwezi wa kumi msishtuke. Na msitarajie visima vyote viende kwa mwendo huo. Mchanga wangu ni mwepesi na maji yapo karibu, mvua inajibu ndani ya siku chache. Penye udongo wa mfinyanzi maji yanajivuta. Na vile visima virefu vya Kimbiji, vinavyoshuka mamia ya mita, mvua ya wiki hii havina habari nayo kabisa, maana vinatoa maji yaliyoingia ardhini zamani.

Sasa tuje kwenye nyota moja.

Aprili hiyohiyo ya 640, jirani yetu anayeuza maji kwa ndoo aliandika ubaoni kwa chaki ya bluu: MAJI MAZURI TDS 320. Hakudanganya kwenye namba, 640 mara 0.5 ni 320. Biashara ikachangamka. Mkwe wangu, ambaye ana mtoto wa miezi mitatu anayekunywa maziwa ya kopo, akaja kuniuliza: "Mama, si umesema maji yameshuka chumvi? Basi na mimi niache kununua ya chupa, nichemshe haya ya kisima."

Nikamwambia asubiri. Nilikuwa nimekwisha kupeleka sampuli maabara mwezi wa pili, kwa ajili ya miche, na nikaona si vibaya kupeleka nyingine. Vipimo viwili tu, nitreti (chumvi inayotokana na mkojo na samadi) na vijidudu vya kinyesi, vilizidi bei ya kalamu. Wanakupa chupa yao iliyosafishwa kwa ajili ya vijidudu, usiishike mdomo, uiweke kwenye barafu na uifikishe siku hiyohiyo. Februari, maji yakiwa na chumvi ya kukunjisha uso, nitreti ilikuwa miligramu 38 kwa lita na vijidudu vya kinyesi havikuonekana. Aprili, maji yakiwa laini na matamu ulimini, nitreti ilikuwa 71 na vijidudu vimejaa mpaka wakaandika kwamba haviwezi kuhesabika.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa nitreti ni 50.

Yaani kalamu ilikuwa inashangilia wakati maji yanaharibika. Na si kwamba imekosea. Nitreti yote hiyo, ukiweka na chumvi inayoandamana nayo, haifiki hata mia mbili kwenye EC. Kloridi ya kiangazi ilikuwa imeondoka kwa mamia na mamia, nitreti ikaongezeka kwa makumi, ukijumlisha namba inashuka. Vijidudu ndivyo kabisa, havibebi umeme. Unaweza kuwa na ndoo ya kipindupindu inayosoma 150.

Inatokeaje? Angalieni mitaa yetu. Viwanja vya mita ishirini kwa ishirini, kila nyumba na choo cha shimo au karo, na kisima upande wa pili wa ukuta. Mkojo unaozama mchangani unageuzwa na bakteria wa udongo, palipo na hewa, kuwa nitreti. Kiangazi inakaa hapo juu kwenye mchanga mkavu. Mchanga haujui kuishikilia, tone la kwanza lenye nguvu linaibeba kama lilivyoibeba ile chumvi. Halafu masika yakikolea, maji ya chini yenyewe yanapanda. Kiangazi kati ya sakafu ya karo na maji kuna mita kadhaa za mchanga unaochuja. Aprili maji yamepanda yamefikia karo, hakuna cha kuchuja. Huko kwetu 2023 kuna watu waliona maji yakichungulia kwenye tundu la choo, na bado walikuwa wanachota kisimani hatua kumi kutoka hapo, kwa sababu yalikuwa hayana chumvi.

Kwa mkwe wangu nilikuwa na la ziada la kumwambia, na nalirudia kwa kila mama anayesoma: kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi nitreti. Unapochemsha mvuke unaondoka na nitreti inabaki, kwa hiyo inaongezeka ukali. Dawa ya klorini vilevile, inaua vijidudu tu. Mtu mzima anaistahimili zaidi. Mtoto wa chini ya miezi sita anayechanganyiwa maziwa kwa maji hayo, damu yake inapungukiwa uwezo wa kubeba hewa, anabadilika rangi kuzunguka midomo. Mkwe wangu akaendelea kununua ya chupa. "Kumbe hiyo njano yako ni ya maua tu, Mama," akaniambia, na sikuwa na jibu.

Nimeizungusha kalamu kwa ndugu na marafiki, na kila mahali imeonyesha tabia nyingine. Shemeji yangu yuko Gezaulole, kisima chake kimechongwa kwenye mwamba wa matumbawe. Huko kiangazi kilisoma 780, masika nako 800 na kitu. Hakishuki! Mvua inaingia na ule uchachu wa udongo, inakula matumbawe, na inapofika kisimani imeshajaza nafasi ya chumvi kwa kalsiamu na bikaboneti. Ndiyo maana kwake sabuni ya mche inasuguliwa mpaka mkono unauma ndipo itoe povu, na birika lina gamba jeupe ndani. Kalamu inasema 800 kwa chokaa yake na ingesema 800 kwa chumvi ya bahari, ilhali miche yangu ingeishi na ile ya kwanza na kuisonya ya pili. Na kwenye matumbawe maji hayachujwi, yanapita kwenye nyufa na mapango. Huyo ndiye wa kwanza niliyemwambia asiache dawa ya klorini wakati wa mvua.

Rafiki yangu mwenye nyumba ya wageni, karibu kabisa na ufukwe, ndiye kalamu imemfaa kuliko wote. Kisima cha hapo kinaelea juu ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi: maji baridi ni mepesi, ya bahari ni mazito, yanakaa chini yake. Wataalamu wa maji wana hesabu ya siku nyingi kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia mita kama arobaini za maji baridi chini ya usawa huo. Raha sana mvua ikiongeza mita. Lakini igeuze: pampu ikishusha kiasi kidogo juu, chini bahari inapanda mara arobaini ya hapo. Mwaka 2022, mgao wa maji ulipobana jiji mwishoni mwa mwaka, kila mwenye pampu pale pwani aliiwasha usiku kucha, na mvua za vuli zilikuwa zimechelewa. Maji ya bahari yanasoma kama 50,000, kwa hiyo ndoo moja ya bahari ikiingia kwenye ndoo mia za maji baridi namba inaongezeka karibu mia tano. Huhitaji bahari nyingi kuharibu kisima.

Kwake tumegundua hata bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, inaonekana kwenye kioo. Siku za maji makuu, ukipima bahari imejaa, namba iko juu kuliko ukipima maji mafu. Sasa ana daftari, anapima asubuhi kabla ya kuwasha pampu, na ikivuka 2,000 anazima na kuagiza boza. Huo ndio utumiaji ninaoupenda: namba nyingi za kisima kimoja, kwa saa ileile, mwaka mzima, na pembeni ameandika lini imenyesha.

Hapohapo kwake niliona kasoro kubwa ya chombo hiki, na kiwandani walistahili kuadhibiwa kwa ajili yake. Ikivuka kiwango fulani kioo hakionyeshi tarakimu zote, kinaonyesha tatu, na pembeni kinawaka kialama kidogo cha "x10". Fundi alikuja, akachovya, akasoma 412, akampongeza mwenye nyumba kwa maji bora. Ilikuwa 4,120. Jikoni chai ilikuwa inaonja bahari na fundi anatikisa kichwa akisema labda ni sukari. Kialama chenyewe ukiwa juani hukioni, inabidi ukikinge kwa kiganja.

Mdogo wangu aliyeolewa Arumeru naye alitaka nimpelekee moja. Nikamwambia asisumbuke. Kule shida ni floraidi ya miamba ya volkano ya Mlima Meru, na kalamu haina macho ya floraidi. Kiwango ni miligramu 1.5 kwa lita, kiasi ambacho kwenye EC hakiongezi hata kumi. Huko Maji ya Chai na vijiji vya upande ule watoto wanakua na meno ya kahawia. Mvua ya masika inayapunguza makali maji ya chemchemi kwa muda, ila miamba ipo palepale, na maji yenyewe yana sodiamu nyingi na kalsiamu chache, ile kalsiamu ambayo ingeikamata floraidi na kuizamisha. Pesa ya kalamu aongezee kwenye kichujio cha mkaa wa mifupa, kazi ambayo kituo cha Ngurdoto kimeifanyia utafiti miaka mingi.

Haya, mambo madogo ya matumizi, maana karatasi ya maelekezo iliyo ndani ya boksi imeandikwa na mtu aliyekuwa na haraka.

Joto linabadilisha namba, kama asilimia mbili kwa kila digrii. Kalamu inajirekebisha yenyewe, lakini siyo papo hapo. Maji ya simtanki ya saa nane mchana yana joto la kuogea, ya kisima yana kama digrii 27. Ichovye, itikise kutoa mapovu kwenye pini, hesabu taratibu mpaka tarakimu zitulie, ndipo usome. Usizamishe kupita mstari. Kofia inazuia matone, haizuii maji kuingia kwenye betri.

Ule unga wa kusahihishia unachanganywa na maji yaliyosafishwa, ya kuweka kwenye betri za magari, na unatakiwa kusoma 1,413. Yangu ilitoka dukani ikisoma 1,290. Nikabonyeza kitufe mpaka ikakaa sawa, na tangu hapo naiangalia kila mwanzo wa msimu. Usichanganye unga huo kwa maji ya kisima, utakuwa unasahihisha rula kwa ukuta uliopinda. Ukimaliza kupima suuza pini kwa maji ya mvua, kausha kwa kitambaa laini. Chumvi ikikaukia hapo, kesho itakudanganya. Betri ni zile za duara ndogo za saa, zinapatikana hata kwa wauza miwani wa barabarani, na zikianza kuchoka namba inayumba kabla kioo hakijafifia.

Nani anunue? Mwenye kitalu, mwenye bustani ya mboga, mfuga samaki, mwenye kisima pwani anayetaka kujua bahari imefika wapi. Anunue bila kusita. Anayetaka kujua kama anywe au asinywe, hiyo ishirini na nane aifanye nauli ya kwenda maabara, na aende mara mbili: kiangazi kikiwa kikali, na masika yakiwa yamekolea. Sampuli ya kiangazi peke yake ndiyo inayopendwa na wauza viwanja, na sasa mnajua kwa nini.

Kwa walio katikati, wasiomudu maabara kila msimu, kuna vipande vya karatasi vya kupimia nitreti. Unachovya, unangoja, unalinganisha rangi ya waridi na zile za kwenye kopo. Mimi navyo ninavyo siku hizi, na Aprili vilikaribiana na maabara kiasi cha kuniridhisha: maabara 71, karatasi kati ya 50 na 100. Vipande hivyo havioni floraidi wala vijidudu. Nunueni kopo dogo, angalieni tarehe ya mwisho, na mkilifungua mlikaze kifuniko na kulificha mbali na jiko, maana kwa unyevu wetu wa hapa kopo lililoachwa wazi vipande vyake vinaharibika bila kuonja maji ya mtu.